Barua kwa Mwanangu: Nguruwe Mfukoni na Misemo Mingine ya Utapeli

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Unasema kwamba miongoni mwa nyaraka za mauziano unazozifasiri umekuta barua ya mnunuzi anayeeleza kuwa hakuwa tayari kununua "a pig in a poke", na unaniuliza misemo ya Kiingereza inayohusu udanganyifu ilitoka wapi, na kama ni kweli kwamba yote ilizaliwa sokoni. Nimeifundisha lugha hiyo kwa miaka mingi na swali lako limenigusa, kwa hiyo utanivumilia nikilijibu kwa urefu. Si yote iliyozaliwa sokoni. Mingine ilizaliwa kwenye meza ya kamari, na neno linalotumika kuliko yote, yaani "cheat" (kudanganya), lilianzia kwa watumishi wa mfalme.

Nianze na huyo nguruwe wako. "Poke" ni neno la kale la mfuko, na "pocket", tunayoijua kuwa mfuko wa nguo, maana yake ya asili ni kimfuko kidogo cha namna hiyohiyo. Mtoto wa nguruwe aliletwa gulioni akiwa amefungwa ndani ya mfuko, na mnunuzi aliyetoa fedha bila kutaka ufunguliwe aliondoka na chochote kilichokuwamo. John Heywood, aliyezikusanya methali za Kiingereza katika kitabu kilichochapwa mwaka 1546, aliutia msemo huo humo, na akaufuatisha na onyo kwamba joho zuri huficha nguruwe wengi wachafu. Wafaransa na Wajerumani wanao msemo wa jinsi hiyo, ila wao humtaja paka: mtu hununua paka ndani ya gunia. Ndiyo maana wengi husimulia kwamba muuzaji mwongo alimtia paka mahali pa nguruwe, na kwamba mfuko ulipofunguliwa ndipo Waingereza walipopata msemo wao wa kumtoa paka mfukoni, wenye maana ya kufichua siri. Mimi sikuwahi kuwafundisha wanafunzi wangu hadithi hiyo kama jambo la hakika. Msemo wa paka unaonekana katika jarida moja la London mwaka 1760, zaidi ya miaka 200 baada ya Heywood, na maana yake ni kutoboa siri, wala si kugundua kwamba umeibiwa. Hadithi inayokaa vizuri mno inastahili kuulizwa maswali.

Sasa neno "cheat". Katika Uingereza ya kale, mwenye ardhi akifa bila mrithi, ardhi ile ilirudi kwa bwana aliyeitoa au kwa mfalme, na utaratibu huo uliitwa "escheat", kutoka maneno ya Kilatini yenye maana ya kuangukia. Palikuwa na maofisa maalumu wa kuzifuatilia ardhi za namna hiyo, nao walijulikana kwa kunyakua hata zile ambazo wenyewe au warithi wao walikuwapo. Watu wakalikata neno silabi yake ya mwanzo, na jina la kazi ya serikali likawa jina la kumnyang'anya mtu haki yake kwa hila. Shakespeare alizijua maana zote mbili: katika tamthilia yake ya wake wa Windsor, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1602, Falstaff anapanga kuwachuna wanawake wawili wenye waume matajiri, na anasema atakuwa ofisa wa namna hiyo kwao, nao watakuwa hazina yake. Kila nikilifikiria neno hili husikitika, kwa sababu wananchi wale hawakuwa na mahakama ya kuwasikiliza upesi, lakini kilio chao kimebaki ndani ya lugha kwa karne nyingi.

Ya mezani nitayapitia kwa haraka. Kitenzi "foist", ambacho leo ni kumbambikia mtu kitu, kilitoka kwa Waholanzi na kinahusu ngumi: mcheza kamari alificha dadu kiganjani ili aitoe wakati unaomfaa. Kwa upande wa pili, jambo la haki likaitwa "above board", yaani juu ya ubao wa meza, mahali ambapo mikono ya kila mchezaji inaonekana.

Mwaka 1591 mwandishi Robert Greene alichapisha vijitabu vilivyofichua matapeli wa London, ambao kazi yao waliiita kukamata sungura. Sungura alikuwa mkulima aliyekuja mjini na fedha zake, mara nyingi kwa ajili ya kesi. Mtu wa kwanza alimsalimu njiani kana kwamba anamfahamu, akamchimba mpaka akapata jina lake na kijiji chake, kisha akampisha mwenzake aliyekuja kumwita mkulima yule kwa jina, akimuulizia majirani zake. Mkulima, akiamini amempata mtu wa kwao, alikubali kuingia kilabuni, na humo karata zilikuwa zinamngoja. Ukiifikiria simu inayokuita kwa jina lako kamili kabla ya kukuomba utume pesa, utaona kwamba kuingizwa mjini ni kazi ya zamani sana.

Hao walitaka imani ya mtu kabla ya kutaka fedha yake, na Wamarekani ndio walioliweka jambo hilo wazi ndani ya jina. Mwaka 1849, huko New York, alikamatwa mtu aliyeitwa William Thompson, ambaye alikuwa akimsogelea mgeni mwenye mavazi mazuri, akazungumza naye kwa adabu, kisha akamuuliza kama ana imani naye kiasi cha kumwachia saa yake mpaka kesho. Mmoja alimpa saa ya dola 110, na Thompson akaenda zake akicheka. Magazeti yakamwita "confidence man", yaani mtu wa imani, na kifupisho cha jina hilo, "con", kinatumika hadi leo.

Neno "swindler", yaani tapeli, lilifika London katika miaka ya 1760 kutoka Kijerumani, na mzizi wake ni kizunguzungu. "Hoodwink", ambayo leo ni kumhadaa mtu, hapo mwanzo ilikuwa ni kumfunika mtu macho kwa kitambaa. Kuvutiwa sufu machoni ni msemo wa Wamarekani wa karne ya 19, na sufu yenyewe ni nywele. Hiyo miwili ya mwisho usihangaike nayo, kwa kuwa sisi tunalo changa la macho, na msomaji wako ataelewa mara moja.

Kuhusu barua ya mnunuzi, andika kwamba hakuwa tayari kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mnyama amebadilika, lakini mfuko uliofungwa, bei iliyolipwa na macho yaliyozuiwa kuona vyote vimo. Ila ukikutana na "above board" katika nyaraka hizo, usiitafutie meza. Andika kweupe, bila kificho.

Mama yako akupendaye.