Maswali na Majibu: Mchoro Uliomo Ndani ya Uzi

Juma hili tunajibu maswali ya wasomaji kuhusu vitambaa vya katikati ya karne ya 20, vya kufumwa na vya kupigwa chapa, ambavyo siku hizi vinatafutwa kwa bidii na watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa vilipotengenezwa.

Nilinunua pazia la mitumba pale Kongowea, Mombasa. Lina maua makubwa mekundu na ya waridi, na kwenye ukingo pamechapwa jina la Maija Isola, neno “Unikko” na mwaka 1964. Je, pazia langu lina umri wa miaka sitini?

Huenda likawa nao, lakini maandishi hayo hayatoshi kuthibitisha. Mwaka unaochapwa ukingoni ni mwaka ambao mchoro ulibuniwa, si mwaka ambao kitambaa kilitoka kiwandani, na Unikko ni mchoro ambao kampuni ya Marimekko ya Ufini inauchapa hadi leo. Armi Ratia, aliyeianzisha kampuni hiyo mwaka 1951, alikuwa amekwisha kutamka kwamba Marimekko haitachapa maua, kwa kuwa aliamini ua la kwenye kitambaa haliwezi kulishinda ua lililo hai. Isola alimjibu kwa kuchora maua, tena makubwa kupita kiasi, yasiyojaribu kumdanganya mtu kwamba yamechumwa bustanini.

Ili kujua zaidi, fumua sentimita chache za pindo la chini na ulinganishe rangi iliyojificha ndani na ile ya nje. Tofauti kubwa itakuonyesha kwamba pazia limekaa dirishani miaka mingi. Ukikuta anwani ya tovuti ukingoni, basi ni la karibuni na hakuna haja ya kuendelea na upelelezi. Kwa vyovyote vile, umepata kitu kizuri. Zingatia tu kwamba maua hayo hayakufumwa. Yalipigwa chapa juu ya kitambaa cha pamba kilichokuwa tayari kimekamilika, na jambo hilo linatupeleka kwenye swali linalofuata.

Nitatofautishaje mchoro uliofumwa na mchoro uliopigwa chapa? Kwa macho yangu vyote ni mapambo tu. (Msomaji, Morogoro)

Kigeuze kitambaa. Kanga ya kawaida ina uso na mgongo: usoni rangi zimekolea, mgongoni zimefifia, kwa sababu rangi iliwekwa kutoka upande mmoja. Hata hivyo, kipimo hiki hakitoshi, kwa kuwa vitambaa vingine hupigwa chapa kwa namna ambayo rangi hupenya na pande zote mbili hufanana. Ndiyo maana napendelea kipimo cha uzi mmojammoja.

Chukua kikoi na uanzie kwenye matamvua. Matamvua hayo ni ncha za nyuzi za mtande, yaani zile zilizotandazwa kwa urefu kabla ya kazi ya kufuma kuanza. Shika tamvua la bluu, ulifuate kwa kucha hadi linapoingia kwenye kitambaa, na utaona kwamba halikomi: linaendelea kuwa ule mstari wa bluu unaokwenda hadi ncha ya pili. Sasa utazame huo mstari kwa karibu, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Hauna rangi moja. Kila uzi wa bluu unapanda juu ya uzi wa mshindio, yaani ule unaopita kwa upana, na kuzama chini ya unaofuata, na kama mshindio ni mweupe, basi bluu unayoiona ukiwa mbali ni mchanganyiko wa nukta za bluu na nyeupe ambazo jicho limeziunganisha lenyewe. Ukichomoa nyuzi hizo za bluu, mstari utatoweka pamoja na sehemu hiyo ya kitambaa, kwa sababu mstari na kitambaa ni kitu kimoja. Ukichomoa uzi kwenye kanga utapata uzi wenye mabaka ya rangi mbalimbali, kila baka likitokana na sehemu ya mchoro iliyopita juu yake.

Simaanishi kwamba kupiga chapa ni kazi duni. Nasema ni kazi nyingine. Anayechora kwa ajili ya chapa ana uhuru wa mtu mwenye karatasi nyeupe. Mfumaji hana karatasi. Ana nyuzi zinazokatana kwa pembe mraba, na kila anachokitaka lazima akipate kwa kuamua uzi upi upite juu na upi upite chini.

Nasoma usanifu Nairobi, na walimu wetu wanawasifu mno wafumaji wa zama hizo. Je, mvuto wa vitambaa vyao si hamu tu ya watu kukumbuka ya kale? (Msomaji, Nairobi)

Hamu hiyo ipo, wala si aibu. Lakini kama ingekuwa hiyo peke yake, tungevipenda vitambaa vyote vya wakati ule kwa kiasi kilekile, na hatufanyi hivyo. Vipo vingi vya miaka ya 1950 ambavyo hakuna anayevikumbuka. Vinavyodumu, kwa maoni yangu, ni vile ambavyo fundi wake alilichukulia suala la uzi kama suala la fikra, na mfano ulio wazi kuliko yote ni kazi ya Anni Albers.

Alizaliwa Berlin mwaka 1899 na kujiunga na chuo cha sanaa na usanifu cha Bauhaus, mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1922. Hakwenda kutafuta ufumaji. Alitamani karakana ya vioo, akaishia kwenye karakana ya nguo, na mwanzoni hakuifurahia. Miaka michache baadaye alikabidhiwa tatizo la kweli. Katika mji wa Bernau, karibu na Berlin, ilikuwa ikijengwa shule ya chama cha wafanyakazi iliyosanifiwa na Hannes Meyer, na ukumbi wake ulihitaji kitambaa cha kufunika kuta kitakachopunguza mwangwi. Mtu wa kawaida angeweka mahameli nzito, na ukumbi ungekuwa na giza. Albers alifuma kitambaa chenye tabia mbili: upande wa nyuma aliweka uzi wenye manyoya kama mahameli ili uimeze sauti, na upande wa mbele akaingiza selofani, ile karatasi nyembamba ya kung’aa, ili irudishe mwanga ndani ya ukumbi. Kazi hiyo ilimpatia stashahada yake mwaka 1930.

Tafakari kidogo jambo hilo. Hakuna ua wala ndege katika kitambaa hicho. Uzuri wake ni ule mng’ao wa fedha unaobadilika kadiri mtazamaji anavyotembea, na mng’ao huo haukuwekwa kwa ajili ya kupamba. Ulitokana na kazi ambayo kitambaa kilitakiwa kuifanya. Hicho ndicho ninachokiita mvuto, na hakihusiani na umri.

Bauhaus ilipofungwa mwaka 1933 chini ya shinikizo la Wanazi, Albers, aliyekuwa wa ukoo wa Kiyahudi, alihamia Marekani pamoja na mumewe, mchoraji Josef Albers, wakafundisha katika chuo cha Black Mountain, North Carolina. Mwaka 1949 jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilimfanyia maonyesho ya peke yake, heshima ambayo halikuwa limempa mfumaji yeyote kabla yake. Na kuna jambo ambalo ningependa wanafunzi wa usanifu walizingatie zaidi: mwanamke huyu aliyehesabiwa miongoni mwa watu wa usasa kabisa alipochapisha kitabu chake kikuu kuhusu ufumaji mwaka 1965, alikitunukia wafumaji wa kale wa Peru, akiwaita walimu wake wakuu. Watu wale walifuma kwa mtande uliofungwa upande mmoja kwenye nguzo na upande wa pili kwenye kiuno cha mfumaji, na yeye aliona kwamba kwa chombo hicho chepesi walikuwa wamekwisha kugundua karibu kila kitu ambacho yeye na wenzake walikuwa wakikitafuta.

Kwa nini karibu wafumaji wote wa Bauhaus wanaotajwa ni wanawake? (Msomaji, Arusha)

Kwa sababu walielekezwa huko. Chuo kilipofunguliwa mwaka 1919, mkuu wake Walter Gropius alitangaza usawa, lakini wanawake walipoomba nafasi kwa wingi uliozidi matarajio, waliongozwa kwenye karakana ya nguo huku useremala na uhunzi vikibaki zaidi kwa wanaume. Gunta Stölzl, aliyeiongoza karakana hiyo hadi mwaka 1931, aliigeuza kuwa mojawapo ya sehemu za chuo zilizofanikiwa zaidi kuuza kazi zake. Otti Berger, mwenye kipaji kikubwa, alikwenda mbali hadi kupata hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, kwa vitambaa vyake. Yeye hakupata njia ya kukimbilia Marekani, akauawa katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz mwaka 1944. Kila ninapoona kipande cha kitambaa chake chenye ufumaji wa hesabu kali, nashindwa kukitazama kama pambo.

Je, kanga za mama zetu za miaka ya 1950 na 1960 zina nafasi katika mazungumzo haya? Na Afrika ilikuwa wapi wakati huo? (Msomaji, Zanzibar)

Zina nafasi kamili. Kanga ya miaka hiyo ni usanifu wa katikati ya karne kama pazia lolote la London. Mchoraji alipewa umbo gumu: mstatili wenye pindo pande zote nne, mji katikati, na jina ambalo lazima lisomeke vizuri nguo ikiwa mwilini. Kisha kila kitu kilitakiwa kieleweke kwa rangi chache, kikitazamwa kutoka ng’ambo ya uchochoro. Nyingi zilichapwa mbali, katika viwanda vya Uingereza, Uholanzi, India na Japani, kwa kufuata maagizo ya wafanyabiashara wa hapa waliojua vyema wanawake wa pwani walikuwa wakisema nini mwezi ule.

Lakini kuna tofauti moja inayoniuma. Mwaka 1951 Lucienne Day alichora kitambaa kiitwacho Calyx kwa ajili ya tamasha kubwa la Uingereza, kilichotengenezwa na duka la Heal’s la London, na jina lake likajulikana duniani. Kwenye ukingo wa pazia la msomaji wetu wa Mombasa jina la Isola limo. Kwenye kanga maarufu za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa tunasoma “Mali ya Abdulla”, yaani jina la mwenye mali. Mkono uliochora haukutajwa. Mwenye kanga za zamani na mwenye mzee anayekumbuka ni nani aliyebuni mchoro au jina fulani la kanga ayaandike hayo sasa, aeleze na lilimaanisha nini mtaani kwao.

Kuhusu ufumaji wenyewe, pwani yetu iliufahamu zamani sana. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alisifu vitambaa vilivyofumwa pale na kupelekwa hadi Misri, na huko Kilwa vimefukuliwa vigae vilivyotobolewa, vya kusokotea uzi wa pamba. Katika karne ya 19 ilikuja marekani, ile bafta nene kutoka Massachusetts, na vitanda vingi vya kufumia vikanyamaza. Kwingineko barani, katikati ya karne ya 20 ilikuwa na uhai mkubwa. Katika kijiji cha Harrania, karibu na piramidi za Giza, msanifu majengo Ramses Wissa Wassef aliwakalisha watoto wa kijiji mbele ya vitanda vya kufumia mwanzoni mwa miaka ya 1950, akawakataza kunakili na kuanza na mchoro wa karatasi, ili picha izaliwe pale pale mshindio unapopita. Mitende, bata na mto vilijaa kwenye mazulia ya ukutani yaliyokuja kuonyeshwa Ulaya. Huko Rorke’s Drift, Afrika Kusini, kituo kilichoanzishwa mwaka 1962 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Uswidi kiliwapa wanawake wa Kizulu ufundi wa kufuma picha, na kazi zao leo zimo katika majumba ya sanaa.

Nimerithi zulia dogo la sufu la kutundika ukutani. Nilitunzeje katika joto na unyevu wa Dar es Salaam?

Usilitundike mahali linapopigwa na jua, wala usilifue kwa mashine. Likiwa na vumbi, litandaze juu ya meza na ulifyonze kwa mashine ya vumbi yenye nguvu ndogo, mdomo wake ukiwa umefungwa kwa kitambaa cha wavu. Kabla ya kugusisha maji, bonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye kila rangi, upande wa nyuma. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, acha, umpelekee mtu mwenye ujuzi. Zulia lililoloa lisianikwe kwenye kamba kamwe, kwa kuwa uzito wa maji huvuta nyuzi na umbo halirudi.

Adui mkubwa ni nondo, au tuseme viwavi vyake, maana nondo aliyekomaa hali sufu. Karafuu hunukia vizuri kabatini, lakini usizitegemee kuviua. Lifunge zulia vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, uliweke kwenye jokofu la kugandisha kwa majuma mawili, kisha uliache lirudie joto la chumba likiwa bado limefungwa ili lisipate unyevu. Wakati wa kulihifadhi, usilikunje. Liviringishe kwenye bomba pana lililofunikwa kwa marekani iliyofuliwa, uso ukiwa nje, na kila baada ya miezi michache ulifungue kivulini, siku isiyo na mvua, ukague hasa mgongoni kwenye mafundo, kwa sababu huko ndiko mayai hutagwa.