Kosa la kanieneo huanzia kwenye eneo

Wiki hii nimetumiwa picha ya daftari lenye swali la tofali la kuchoma: urefu sentimita 20, upana 10, kimo 5, tungamo kilo 2. Tafuta kanieneo yake sakafuni, yaani kani (nguvu ya kusukuma) inayoangukia kila mita ya mraba, likiwa limelalia ubavu mpana. Jibu la daftari ni 10 Pa (paskali, yaani nyutoni kwa mita ya mraba), na mwenyewe analalamika kwamba kanuni kaifuata. Kweli kaifuata, kani kagawanya kwa eneo. Ila makosa ya mada hii mara nyingi hayapo kwenye kugawanya. Yapo kwenye eneo.

Kilo 2 si kani. Zidisha kwa 10, maana dunia huvuta kila kilo kwa takriban nyutoni 10, upate nyutoni 20. Hapo alipatia. Ubavu mpana ni 20 × 10, sentimita za mraba 200. Hapo pia alipatia. Kisha akagawanya kwa 100, kwa kuwa mita ina sentimita 100, akapata mita za mraba 2. Lakini mita ya mraba ina sentimita 100 kila upande, kwa hiyo ndani yake mna sentimita za mraba 10,000. Eneo sahihi ni 0.02, na kanieneo ni 20 ÷ 0.02 = 1,000 Pa.

Kabla hujaandika jibu, lione eneo kwa macho. Godoro la futi nne kwa sita ni mita za mraba 2 na kidogo. Tofali gani hilo la kujaa kitanda?

Hata 10 Pa yenyewe ingekushtua kama unaijua paskali ilivyo ndogo. Karatasi moja ya kawaida ya fotokopi, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ikilala mezani inatoa 0.8 Pa. Yaani tofali limekuwa jepesi kama karatasi kumi na mbili au kumi na tatu!

Swali likitaka kanieneo kubwa kabisa, usihangaike na pande zote. Simamisha tofali kwenye uso mdogo, 10 × 5: sentimita za mraba 50, sawa na 0.005. Inatoka 4,000 Pa. Uzito ni uleule, eneo ndilo limepungua mara nne.

Kwenye duara, soma kama umepewa kipenyo au nusu kipenyo. Pistoni ya kipenyo cha sentimita 14 ina eneo la 22/7 × 7 × 7, yaani 154. Ukiweka 14 badala ya 7 unapata 616, na kanieneo inashuka hadi robo.

Stuli ndiyo inayowaumbua wengi. Mtu na stuli yake wana kilo 60, na kila mguu wa stuli una sentimita 5 kwa 3. Watu wanagawanya kwa 15 kana kwamba stuli ina mguu mmoja. Miguu ni minne: sentimita za mraba 60, sawa na mita za mraba 0.006. Nyutoni 600 ÷ 0.006 = 100,000 Pa. Sakafu ikiwa na bonde na mguu mmoja ukaning'inia, hesabu mitatu tu: 0.0045, na wastani unapanda hadi kama 133,000 Pa.