Kabla hujampa mtu hela akufungulie domeini (jina la websaiti yako), soma hii

Jana usiku kaka mmoja wa Pangani kanitumia meseji, "shikamoo dada, tunataka websaiti ya mashindano yetu ya ngalawa, kuna kijana kasema nimpe elfu 60 atafanya kila kitu, we si ulishapitia haya?" Nimeisoma nikaweka simu chini kwanza. Hilo neno "kila kitu" ndilo lililoniliza mimi mwaka juzi.

Tulikuwa tunaandaa mbio za baiskeli, kutoka mjini hapa Tanga hadi Mapango ya Amboni na kurudi. Usajili tukauweka mtandaoni kwenye mfumo wa watu, ambao wanakupa anwani ya bure ila ndefu na ina jina lao katikati, sasa mtu kasimama Ngamiani anasoma bango, atalikariri vipi lile? Kwa hiyo tukataka domeini yetu wenyewe, ya .com, fupi. Kijana akaja nyumbani, nikamwekea chai na mkate wa kumimina, dakika kumi kamaliza kwenye laptop yake. Akaunti yake, imeili yake, paswedi yake. Mimi nafurahia tu jina letu linafunguka. Nikaenda steshenari nikaprinti mabango 40.

Siku ya kumi na tano simu zikaanza. Dada mbona haifunguki? Nafungua na mimi, hakuna kitu. Nikadhani bando limeisha, kumbe ukisajili domeini kama ya .com unatumiwa imeili uthibitishe kwamba ni wewe, na usipobofya ile linki ndani ya siku 15 wanaisimamisha, ndio sheria ya ICANN wanaosimamia majina ya intaneti dunia nzima. Hela ililipwa yote. Ila ile imeili ilikwenda kwake, hajaifungua, na yeye kasafiri hapokei simu.

Siku nne. Nilizunguka na baiskeli yangu kutoka Ngamiani mpaka Chumbageni na maka peni, bango moja baada ya jingine, naandika namba yangu ya simu chini ya ile anwani iliyokufa. Karatasi ile inang'aa, wino haushiki, naandika narudia, mama muuza mihogo ananiangalia akaniletea kigoda nikae. Mpaka leo nikiona lile kona naumia, na yule kijana hajawahi kusema pole.

Mwaka huu nimefanya mwenyewe jamani, na usajili ulijaa siku tisa kabla ya mbio, waendeshaji 212! Nimesajili kwa imeili yangu, nikabofya linki palepale, nikawasha malipo yajilipie kila mwaka. Mfumo wa usajili ukanipa vitu viwili vya kujaza kule niliponunua domeini, yaani maelekezo ya wapi websaiti ilipo: rekodi ya A kwa ajili ya jina tupu lisilo na www, na CNAME kwa ajili ya lenye www. Ukijaza moja tu, nusu ya watu watakuambia haifunguki, maana wapo wanaoandika www na wapo wasioandika.

Kilichonisumbua ni kitu kidogo sana. Mimi naona websaiti yangu, mdogo wangu wa Raskazone anaona ukurasa wa matangazo ya kampuni iliyoniuzia jina, akirudia anaona yangu, akirudia tena matangazo. Kumbe ile rekodi ya A ya mwanzo waliyoiweka wao sikuifuta, zikawa mbili, na kufuli la usalama pembeni ya anwani nalo likagoma kutokea. Nikafuta ya zamani, nikasubiri kama saa moja, kukatulia. Ukibadilisha neimseva, yaani kompyuta zinazotunza hizo rekodi za jina lako, ndio subira zaidi, inaweza kufika hata saa 48, kwa hiyo usifanye hayo mabango yakishabandikwa.

Ndugu zangu mnaoandaa matamasha, mnahangaika na jukwaa na spika na fulana, halafu jina lenu mnalikabidhi kwa mtu msiyemjua hata kwao. Imeili yako. Akaunti yako. Fundi mlipe, mheshimu, lakini paswedi iwe ya kwako na imeili iwe ile unayoifungua kila siku.

Kaka wa Pangani, kesho kabla hujatuma hiyo hela mwambie huyo kijana aje na laptop, aelekeze, ila kwenye kiti ukae wewe. Ikiingia imeili ya kuthibitisha, ifungue akiwa bado yupo hapo.