Uliza Fundi: Nimepata kempa kuukuu, nianzie wapi?

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Mimi niko Malindi huku Muyeye, kuna mzungu alikuwa anahama akaniuzia kempa yake ya zamani, zile za kubebwa nyuma ya pikapu, ukifika unasukuma paa linapanda juu na pembeni kuna turubai. Imekaa nje chini ya mwembe miaka mingi, ndani inanuka ukungu, paa linavuja kwenye kona na ukikanyaga sakafu karibu na mlango inabonyea. Gari yangu ni Hilux kebini moja. Nataka niitengeneze niwe naenda Tsavo na mke wangu kupitia Sala Gate, nimeshaanza kuulizia bei za friji na magodoro. Gari itaweza kweli? Na nianzie wapi? (Msomaji, Muyeye)

JIBU: Wa aleikum salaam ndugu yangu, na hongera, hizo kempa huku kwetu ni chache na ikitengenezwa vizuri itawafaa miaka. Lakini friji na magodoro weka kando kabisa kwa sasa. Kempa ya umri huo inaamuliwa na vitu viwili, uzito na maji yanayoingia. Hivyo vikikaa sawa vingine vyote ni kununua na kufunga tu, visipokaa sawa utanunua vitu vizuri halafu uvitoe tena vikiwa vimelowa.

Tuanze na uzito. Angalia pleti ya kiwanda ya gari (sio namba pleti) au kile kitabu chake, kuna uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, yaani gari na mzigo kwa pamoja. Kisha peleka pikapu tupu kwenye mizani ya malori, tanki limejaa, wewe umeshuka, toa hiyo namba kwa ile ya kwanza na kinachobaki ndio mzigo wako. Pikapu nyingi za aina hiyo zinabeba kama tani moja hivi, na watu wakisikia tani moja wanaona ni nyingi sana. Hebu tupige hesabu, tuseme kempa kavu ni kilo 450, maji lita 60 ni kilo 60, nyinyi wawili 150, betri ya asidi 30, friji 20, mtungi wa gesi wa kilo 6 ukijaa na chuma chake ni kama 13, paneli ya sola 8, halafu vyombo, nguo, chakula, jeki na zana weka 100. Jumla 831. Na hiyo 450 ni kempa kavu, yako imekunywa mvua miaka yote hiyo na mbao zilizolowa ni nzito, kwa hivyo na yenyewe ipime kabla hujatumia pesa nyingine yoyote.

Najua kuna fundi atakwambia ongeza lifu moja ya springi nyuma mambo yaishe. Lifu itainua gari isikae chini, hilo ni kweli na mara nyingi inafaa, lakini breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, tairi ni zile zile. Uzito ulioandikwa na kiwanda haubadiliki kwa sababu gari imesimama vizuri. Tairi zako angalia kama ni za kubeba mzigo au ni zile laini za gari ndogo.

Bahati yako ni hiyo kebini moja. Kitanda chake, yaani pale nyuma pa kubebea mzigo, ni kirefu, karibu mita 2.3, kwa hivyo kempa inasogea mbele na uzito wake unakaa mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, pale ndipo panapotakiwa. Kwa dabokebu yenye kitanda cha mita moja na nusu kempa inaning'inia nyuma, usukani unakuwa mwepesi na chesi inateseka kwenye makorongo mpaka wengine imepinda nyuma ya kebini. Vitu vizito kama maji na betri viweke chini na mbele, karibu na kebini, sio kule mlangoni.

Kufunga: usitoboe lile bati la kitanda ukaweka bolti na washa ndogo ukasema imeshika. Bati litachanika tu. Weka pleti nene chini yake au peleka nguvu kwenye chesi, pembe zote 4, na zile skurubu ndefu za kukazia zenye ndoano pande mbili. Chini ya kempa tandaza mati ya raba isiteleze. Siku ya kwanza ukitoka simama baada ya kilomita 40 au 50 ukaze upya, kwa sababu kila kitu kinakaa mahali pake na kulegea kidogo, ukisubiri mpaka Sala utakuta imeshatembea. Halafu mtu asipande ndani ya kempa gari ikiwa inatembea, hata mtoto, hata kwa mwendo mfupi.

Sasa maji. Sakafu inayobonyea mlangoni ni dalili tu, maji yameingilia juu yakashuka ndani ya ukuta na kukusanyika chini, kwa hivyo ukibadilisha kipande cha sakafu peke yake utakibadilisha tena. Chukua bisibisi, pita nayo kona zote, chini ya madirisha, kuzunguka tundu la hewa la paa, gusa mbao pole pole. Pale inapozama bila nguvu pameoza. Toa paneli za ndani mpaka uone fremu, usiogope kuvua, ni afadhali ujue yote leo. Mbao iliyooza ikate mpaka ufikie mbao ngumu na uende mbele kidogo tena, weka marine plai, ile plai inayohimili maji, na zile kingo zake zipake epoksi kabla hujaifunga, kwa sababu plai inanywa maji kwenye kingo zaidi kuliko usoni.

Juu ya paa toa kila kitu kilichofungwa, madirisha, tundu la hewa, zile alumini za kona, kwangua gundi yote ya zamani. Na hapa nakuomba sana, usitumie silikoni. Ni rahisi na inapatikana kila duka ndio maana watu wanaipenda, lakini ikishapakwa hakuna kitu kingine kitakachoshika juu yake, rangi haishiki, gundi haishiki, na siku ikiachia utakwangua mpaka ulie. Chini ya alumini na fremu za madirisha weka tepu ya butili, ile nyeusi au ya kijivu inayonata kama ubani uliotafunwa, kaza mpaka ijitokeze pembeni, kata iliyozidi, halafu juu pitisha silanti, yaani gundi ya kuzibia, ya poliyurethane. Kabla hujarudisha paneli za ndani mwagia maji kwa mpira, anza chini upande juu pole pole, mwenzako akae ndani na tochi. Ukianza na juu maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi.

Huku pwani kuna chumvi, hilo fundi wa Nairobi anaweza asilifikirie. Skurubu ya chuma cha kawaida ndani ya alumini, ukiongeza upepo wa baharini, alumini inaliwa inakuwa unga mweupe. Hata skurubu za stenlesi zinaila alumini, kwa hivyo kati yake weka washa ya nailoni au upake silanti kwenye uzi wa skurubu kabla ya kukaza. Ukirudi kutoka safari ya ufukweni osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na chini ya gari pia.

Umeme nitaupitia haraka. Paneli ya wati 100 jua la Malindi linakupa kama wati-saa 400 kwa siku, friji ya kompresa ya volti 12 kwenye joto letu inaweza kula zote hizo na zaidi, basi weka wati 200. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 hesabu nusu yake tu, ukiimaliza mara kwa mara inakufa mapema. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Kumbuka paneli ikikaa juu ya paa ndio wewe unayeinua, likikushinda fundi anaweza kukufungia zile shoki za gesi kama za mlango wa nyuma wa Probox, ila zichaguliwe kwa uzito wa paa lenyewe, zikiwa na nguvu kupita kiasi kulishusha ndio itakuwa kazi.

Kempa ya kupakia na kushusha kwenye pikapu ni jambo moja, lakini ukitaka kukata bodi au kuifunga moja kwa moja nenda NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uulize kwanza habari ya ukaguzi na logbuku, na bima waambie mapema.

SWALI: Kaka fundi habari. Sisi ni wa Amu, gari yetu na kempa huwa tunaiacha Mokowe tukivuka. Turubai limetoboka kwenye mikunjo na lina madoa meusi. Fundi wa matanga anaweza kushona jipya? Halafu jamaa yangu wa Matondoni anayejenga majahazi anasema atatupigia kalafati kwenye paa lisivuje tena, tumkubalie? (Dada wa Langoni)

JIBU: Njema dada yangu. Fundi wa matanga anaweza kabisa, na kwa kazi hiyo mimi ningemwamini kuliko fundi wa viti vya gari, maana anajua kitambaa kinavyovutwa na upepo. Mpelekee lile turubai kuukuu zima, msilitupe, alifumue vipande vyake awe na vipimo. Paa liinuliwe mpaka juu apime tena pale pale, kwa sababu la zamani limevutika. Uzi uwe wa poliesta, wa nailoni unaharibika upesi kwa jua. Kitambaa kiwe turubai linalopumua la pamba na poliesta, sio ile plastiki ya kufunikia lori, mkilala ndani ya plastiki asubuhi mtakuta matone yanawadondokea kutokana na pumzi zenu wenyewe. Mwambie aongeze kipande cha pili kwenye kila mkunjo, ndipo panapotoboka kwanza, na madirisha yawe na wavu wa mbu pande mbili zinazotazamana upepo upite.

Madoa meusi ni koga. Lilikunjwa likiwa bichi. Likipatwa na mvua mnaweza kulifunga mkasafiri, lakini mkifika lifunguliwe likauke, hasa wakati wa masika ambapo hata bila mvua hewa ni nzito. Mnaposafisha tumieni sabuni laini na siki, msitie jiki, inakula uzi na inaondoa ile dawa ya kuzuia maji.

Kuhusu kalafati, mpe salamu jamaa yako, kazi yake naiheshimu sana lakini paa la kempa si mahali pake. Pamba na mafuta kati ya mbao za jahazi vinafanya kazi kwa sababu mbao ziko majini, zinavimba zinabana. Paa linakauka juani mchana kutwa na fremu inacheza barabarani, pamba italegea na mafuta yatazuia silanti isishike baadaye. Ila kama mbao za fremu zimeoza yeye ndiye mtu wa kumwita, atakuungia kiungo ambacho seremala wa milango hakijui.

SWALI: Shikamoo fundi. Kuna kijana ananifungia jiko la gesi kwenye kempa, anataka kuweka mtungi ndani ya kabati chini ya kitanda, anasema mlango wa kabati unafunga vizuri. Ni sawa? (Kijana wa Mambrui)

JIBU: Marahaba mwanangu. Si sawa, na msimamishe leo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini kama maji, yaani pale pale mnapolala, na betri au swichi ya friji ikitoa cheche imekwisha. Mtungi ukae kwenye kisanduku chake chenye mlango wa nje, kisichokuwa na njia yoyote ya kuingia ndani, na sakafu yake iwe na tundu linalotoka chini ya gari lisilozibwa na kitu. Mpira wa gesi badilisha, ule wa zamani ukiukunja utaona nyufa ndogo ndogo. Viungo vyote vipake povu la sabuni, gesi ikiwa wazi na jiko limezimwa, mapovu yakikua kaza na upime tena. Gari ikiwa inatembea mtungi ufungwe kwenye valvu yake yenyewe, sio kwenye jiko tu, na mkipika turubai liwe wazi pande zote mbili.