Kabichi kutobolewa majani huku dawa haiui

Dada, umeuliza kwa nini kabichi zako zinatobolewa majani na dawa haiui wadudu. Viwavi wadogo wa kijani ulivyowaeleza, wanaofurukuta na kuning'inia kwa uzi ukiwagusa, hao ni wa nondo mgongo-almasi, mdudu mdogo kama kipepeo anayeruka usiku. Ndiyo maana umebadilisha dawa mara tatu bila nafuu: mdudu huyu huzoea sumu upesi sana, na chupa zenye majina tofauti mara nyingi zina kiambato kilekile, yaani sumu ileile inayoua. Soma kibandiko, usiangalie jina tu.

Tafuta dawa ya Bt, yaani ya bakteria Bacillus thuringiensis. Huua viwavi wakila jani, wadogo hasa, na haiwadhuru nyigu wanaotusaidia kuwamaliza. Piga jioni, jua huiharibu. Elekeza bomba chini ya majani, ndiko wanakojificha. Jani la kabichi lina nta, maji huteleza, kwa hiyo changanya kinatishi kidogo, kile cha kuifanya dawa ishike kwenye jani. Usisubiri kichwa kifunge. Wakiingia ndani hakuna dawa itakayowafikia.

Na lile jani jingine ulilolitaja, lenye manjano ya umbo la V kutoka ukingoni, lichane uangalie. Mishipa ikiwa myeusi, huo ni uozo mweusi, ugonjwa wa bakteria, na dawa ya wadudu haiuponyi. Ng'oa mche huo uuchome, usiutupe kwenye mboji. Usiingie shambani majani yakiwa na umande, utausambaza mwenyewe. Na tafadhali, hapo usirudishe kabichi wala sukuma wiki kwa miaka 2 au 3. Panda maharage, karoti au vitunguu.