Bibi haji, shule zimefungwa, na mtoto hajalala

Msomaji wa Kiboriloni, Moshi, ameniuliza: zikirudi siku kama za Machi 2020, mama mwenye kichanga na mwingine wa miaka minne afanyeje asichanganyikiwe?

Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, aliyekuwa Arusha, alitangazwa tarehe 16 Machi, kesho yake shule zikaanza kufungwa, na wa chekechea na msingi hawakurudi hadi 29 Juni. Watalii wakakatika, waongozaji na wapagazi wakakaa nyumbani. Nyumba zikajaa watu, mikono ya kusaidia ikapungua. Uchagani mzazi, yaani mama aliyejifungua, hutunzwa: mama mkwe huchemsha mtori (supu nzito ya ndizi na nyama), huogesha mtoto, mzazi akalala. Bibi akizuiwa kuja kwa sababu ya umri wake, nani anashika zamu?

Baba, kama yupo. Ampokee mtoto saa tatu usiku hadi saa nane, mama alale saa tano mfululizo. Kuamka kwa kupokezana kila saa ni kujidanganya. Wote wawili wanaamka wamechoka. Mtoto anyonyeshwe kabla ya saa tatu, na maziwa yaliyokamuliwa yawekwe kwenye kikombe safi chenye mfuniko. Nje ya friji yanakaa kwa muda usiozidi saa nne, joto lisipozidi nyuzi 25, na Machi ya Moshi huzidi, kwa hiyo yasikaribie muda huo. Anyweshwe kwa kikombe, si chupa, maana chupa ni ngumu kusafisha. Matiti yakimwamsha mama, akamue kidogo tu arudi kulala.

Bibi naye asifukuzwe kabisa. Akae nje kwenye hewa, avae barakoa, anawe kwa sabuni sekunde 20, amsimulie mtoto mkubwa hadithi huku mama anaoga. Mtori upelekwe kwenye hotipoti.

Mama akikohoa aendelee kunyonyesha akiwa na barakoa. Waliokatisha ghafla walipata matiti yaliyojaa na mtoto anayelia, juu ya hofu waliyokuwa nayo. Sauti za WhatsApp za kutisha? Mara moja kwa siku, tena mchana.

Kulialia siku za kwanza baada ya kujifungua ni kawaida. Kukipita wiki mbili, aende kituo cha afya. Akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, aende siku hiyohiyo, asiende peke yake. Kliniki ya mtoto hupima uzito wa mtoto, mama anaweza asiulizwe kitu. Asiseme "nimechoka", atajibiwa kila mama huchoka. Aseme amelala kwa saa ngapi, halili tangu lini, na anawaza nini usiku.