Fundi aliyeuza simu ni mwizi?

Hapa Lubumbashi ukisema mtoto wako yuko Kasapa, watu wanauliza kwanza: Kasapa ya kampasi ya chuo kikuu au ya gereza? Mimi nilikuwa ya kampasi, nasoma sheria ya jinai, na nilijiona fundi. Kifungu cha 79 cha sheria ya tarehe 30 Januari 1940, ndiyo sheria ya jinai ya Kongo, ningekisema hata usingizini: aliyechukua kwa hila kitu kisicho chake ana hatia ya wizi.

Mtihani ulikuwa wa mdomo. Profesa akasema: "Mtu amempelekea fundi simu aitengeneze. Fundi ameiuza. Kosa gani?" Nikajibu mbio, wizi, nikaanza kumwaga 79. Aliniacha nimalize, akafunika kalamu, akaita jina linalofuata. Nimeanguka: ikabidi nirudie mtihani sesheni ya pili.

Likizo ile nilikuwa namsaidia mama mdogo, anauza makala, yaani makaa ya kupikia, kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Wateja wakipungua, namsimulia swali langu. Kwake halikuwa swali: fundi ni mwizi. Nikamwambia kwa sheria hapana. Akaacha kufunga mfuko, akaniangalia.

"Kama haiko mwizi, iko nini sasa?"

Nilishindwa kumjibu kwa Kiswahili, hapo nikajua kwamba hata kwa Kifaransa sikuwa nimeelewa. Jioni nikafungua tena silabusi, yale maandishi ya somo la profesa, safari hii natafuta maneno ya kumwambia yeye. Mwizi anaondoa kitu ambacho hukumpa. Fundi hakuondoa kitu: simu uliitoa mwenyewe, kwa mkono wako, airudishe. Ubaya wake ulikuja baadaye. Hicho ni kifungu cha 95, kuvunja uaminifu, ile profesa anaita abus de confiance.

Mama mdogo naye akaleta la kwake. "Na yule aliyekuja na karatasi ya uongo, ati anatoka komini, ofisi ya mtaa, nikamupa falanga?" Huyo ni kifungu cha 98, utapeli. Hapo pia ulitoa mwenyewe, lakini uongo ulitangulia mkono wako. Kwa Kiswahili cha nyumbani wote watatu ni wezi, na adhabu zao zinaweza kufika miaka mitano zote. Ila kila kosa lina vipande vyake, na mshtaki lazima athibitishe kila kimoja. Kimoja kikikosekana, kosa lile limeanguka.

Kwa hiyo wewe unayeanza mwaka huu, tafuta mtu wa nyumbani asiyesoma sheria, umweleze kila kosa kwa Kiswahili. Atakuuliza maswali ambayo asistenti hatakuuliza.

Halafu nenda ukakae kwenye tribinali ya amani, ile mahakama ya chini, asubuhi moja. Hakuna atakayekufukuza: kikao ni cha wazi, katiba inasema hivyo kwenye kifungu cha 20, na makosa ya mpaka miaka mitano yanahukumiwa pale. Siku moja nilimsikia kijana akisema: "Nilikamata kinga ya shemeji, nilitaka kurudisha kesho." Kwenye karatasi ya polisi, iliyoandikwa kwa Kifaransa, alikuwa amekiri kuiba ile kinga, yaani baiskeli. Neno lake la kurudisha halikuwamo, ilhali hila ndiyo roho ya wizi. Sijasahau uso wake wakati karatasi ile inasomwa.

Silabusi za kurithi kwa kaka mkubwa, uangalie zina mwaka gani. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 iliandika upya makosa ya ubakaji, na tangu hapo hata mwanaume anatambuliwa kuwa mwathirika. Karatasi ya kabla ya hapo itakuangusha. Na ujitayarishe kwa majirani: ukijiandikisha tu, watakuja usiku kukuuliza kuhusu mtoto wao aliyefungwa. Saa 48 za kifungu cha 18 cha katiba, mwisho wa muda polisi wanaweza kumshika mtu kabla ya kumpeleka mbele ya sheria, uzijue mapema, lakini uwaambie ukweli kwamba wewe si wakili.

Sesheni ya pili profesa aliniletea mlinzi wa depo aliyeuza mifuko ya saruji. Nikamuuliza: alikabidhiwa mifuko yenyewe, au aliwekwa tu mlangoni? Akacheka kidogo, akasema endelea. Nilipata 14 kwa 20. Mama mdogo, yeye mpaka leo anamwita yule fundi mwizi.